Mshiko wa upinde usipunguzwe kwa pupa

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe vijana wanaojichongea pinde za kulengea shabaha. Wengi wao, wakiona mshiko unaumiza kiganja, huuchonga mpaka mti unakuwa mwembamba mno katikati, na upinde huvunjika siku unapovutwa hadi mwisho. Wa kwangu wa mkole niliuharibu hivyo hivyo, tena baada ya kuukausha kwa miezi.

Afadhali kuongeza kuliko kupunguza, ila kipande cha mbao kilichobandikwa kwa gundi upande unaomwelekea mpigaji hakitadumu ikiwa upinde wenyewe unapinda hadi katikati, kwa sababu mti hujikunja na gundi hushindwa kuufuata, hatimaye hubanduka. Upinde wa namna hiyo uviringishiwe ngozi au kamba ya katani tu, basi. Pale katikati panapobaki pagumu bila kupinda, kipande kinafaa, mradi miisho yake isikatwe wima bali iteremshwe taratibu kwa tupa na msasa, na upinde ujaribiwe kwa kuvutwa kidogo kidogo kabla ya kuwekewa mshale.

Msomaji wako,
Singida