Mgombea "anayeuzika" ni yupi?

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kwamba mwaka 2020 chama cha Democratic nchini Marekani kilimteua Joe Biden kuwania urais kwa kuwa ndiye aliyekuwa "anauzika", yaani anayeweza kukubalika na wapiga kura wengi na kushinda uchaguzi. Sifa hiyo ilionekana baada ya ushindi, si kabla yake: katika kura za mchujo za Februari, ambazo chama hupiga jimbo kwa jimbo kumchagua mgombea wake, Biden alishika nafasi ya nne Iowa na ya tano New Hampshire, huku mpinzani wake Bernie Sanders akishinda New Hampshire na Nevada. Ni wapiga kura Weusi wa South Carolina, na nadhani hawajapewa heshima wanayostahili, waliomwinua tarehe 29. Wapinzani wake wengine, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar, wakajitoa na kumuunga mkono, naye Machi 3 akashinda majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo.

Linalonisikitisha ni jinsi mgawanyiko wa vyama unavyomnyima mpiga kura sauti yake. Kwa kuwa ni wachache wanaohama kutoka chama kimoja hadi kingine, na kwa kuwa mwaka 2016 Donald Trump wa chama pinzani cha Republican aliupata urais kwa tofauti ya kura zipatazo 78,000 tu katika Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, mwanachama haulizi tena ni nani anayemwamini, bali ni nani ambaye jirani yake asiyemfahamu vizuri atamkubali. Na Trump mwenyewe, hadi siku ya kupiga kura mwaka huo wa 2016, wengi walikuwa wakisema hauziki.

Msomaji wako,
Dar es Salaam