Taa za ghala zinawaka saa 7 mchana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi umeme hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita niliitwa kwenye ghala moja, meneja analalamika bili imepanda. Sikufika hata mlangoni: taa 12 za ulinzi zilikuwa zinawaka, saa 7 mchana, jua la utosini.

Nikapanda ngazi. Kile kikopo cha sensa ya mwanga, fotoseli kama tunavyoiita mafundi, kilikuwa kimepakwa rangi ya krimu pamoja na ukuta. Kwa sensa ile, tangu siku ya wapaka rangi ni usiku mtupu.

Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake, yaani jinsi kinavyozuia umeme kupita, hushuka kikipigwa na mwanga na hupanda giza likiingia. Hapo ndipo swichi inawasha taa. Sensa nyingi zimetengenezwa hivi kwamba zikiharibika taa zinabaki zinawaka, maana afadhali bili kuliko ghala lililo gizani. Ni sawa, ila ndiyo sababu ubovu hauonekani. Taa ikizima usiku, simu inapigwa saa hiyo hiyo. Ikiwaka mchana, nani atapiga?

Fanya hesabu. Taa 12 za wati 150, saa 12 za mchana, ni uniti 21.6 kwa siku. Kwa mwezi zinakaribia 650, zote za kulimulikia jua.

Nilikwangua rangi kwa wembe. Taa hazikuzima papo hapo, meneja akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Sensa hizi husubiri kidogo ili wingu au taa za gari zisizidanganye. Muda si mrefu zikazima zote.

Na sisi mafundi tuna lawama zetu. Wapo wanaoifunga sensa chini ya taa yenyewe: taa inawaka, sensa inaona mwanga, inazima, inawaka tena, hivyo hivyo hadi alfajiri. Mwenye jengo anachoka, anasema sensa ni feki, anaagiza taa iunganishwe moja kwa moja bila sensa.

Wenye majengo, wapaka rangi wakija, wafunike sensa kwa mfuko wa nailoni, kisha mfuko utolewe. Na walinzi waandike taa zinazowaka mchana. Yule wa getini ana daftari, haliachi gari hata moja. Nilipomuuliza kuhusu taa, akanijibu: “Fundi, mimi niliambiwa niripoti zisizowaka.”

Fundi umeme,
Dar es Salaam