Jino Linauma na Halina Tundu: Usikimbilie Kung'oa

Wateja wengi huingia wameshika shavu, na ombi lao ni moja: jino ling'olewe. Tukimulika, hatuoni tundu. Eksirei nayo haionyeshi usaha kwenye mzizi. Hata hivyo maumivu ni ya kweli: jino likigongwa linauma, maji ya baridi yakiligusa linapigwa ganzi kali. Hapo huwa tunauliza: je, asubuhi unaamka taya limechoka?

Mtu mwenye mawazo mengi hubana meno bila kujua, na akilala huenda akayasaga mpaka anayelala naye chumba kimoja akasikia. Kwa kawaida meno ya juu na ya chini hugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu, jumla yake haifiki nusu saa kwa siku. Anayebana huyakandamiza kwa saa nyingi. Misuli ya taya inachoka, utando unaoshikilia mzizi ndani ya mfupa unavimba, vichwa vya magego vinasagika, na mwishowe jino linapata ufa. Ufa ukishuka hadi kwenye mzizi, mara nyingi jino halina tena wa kuliokoa. Na ukiling'oa jino lisilo na ugonjwa, nguvu ileile inahamia kwa majirani zake.

Chukua kioo. Ncha za meno ya mbele zimekuwa bapa au zimemeguka? Kingo za ulimi zina alama za meno? Ndani ya shavu kuna mstari mweupe unaofuata mahali meno yanapokutana? Kisha weka vidole kwenye panja, ubane meno: msuli utakaoinuka hapo ndio unaoleta kichwa kinachouma asubuhi.

Kazi kubwa inaanzia mchana. Midomo ifungwe, meno yaachane, ncha ya ulimi ipumzike pale inapogusa unapotamka "n". Weka kitu cha kukukumbusha: uzi mkononi, karatasi kwenye droo ya pesa dukani, au kila simu inapoita. Tunawaambia hivyo hasa madereva wa bodaboda na wavuvi wanaovuta nyavu, kwa sababu mwili ukikaza, taya nalo hukaza. Fundi cherehani asishike pini kwa meno, na hakuna sababu yoyote ya kufungulia soda kwa magego. Taya likiuma, liweke taulo la maji ya moto ya kuvumilika kwa dakika 10 hadi 15, na kwa siku chache pumzika miwa, mahindi ya kuchoma na samaki wakavu. Ndizi za kupika na samaki wabichi wa mchuzi vinatosha. Kahawa chungu ya jioni, pombe na sigara huongeza kusaga usiku. Zipo pia dawa za msongo wa mawazo, kama fluoxetine, zinazoweza kuleta hali hii. Usiache dawa mwenyewe, zungumza na daktari aliyekuandikia.

Usiku huwezi kujikumbusha, ndipo inapohitajika kinga ya meno, yaani kifuniko cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno wakati wa kulala. Tunaelewana mapema: kinga haikomeshi kusaga. Inakubali kulika yenyewe badala ya jino, na inagawa mzigo kwa meno yote. Kwanza tunaziba matundu yaliyopo, maana jino likizibwa baadaye kinga haitakaa. Kisha tunachukua alama ya meno kwa unga uliokorogwa na maji, unaoganda mdomoni kwa dakika chache, na kumwaga jasi mapema kabla alama haijakauka na kusinyaa. Juu ya jasi hiyo hutengenezwa kinga ya plastiki ngumu, unene wa milimita 2 hadi 3. Siku ya kuivaa tunatumia karatasi ya rangi kuona magego yote yanagusa kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, taya litauma zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo ikikubana jino moja, rudi. Usiikwangue kwa kisu. Zile laini za wachezaji zinazochemshwa na kung'atwa si mbadala, na baadhi ya watu huzitafuna usingizini.

Ioshe kwa maji baridi, sabuni ya kawaida na mswaki laini. Dawa ya meno huikwaruza, maji ya moto huipinda, na jua la Kigoma kwenye dashibodi ya gari hufanya vivyo hivyo. Ihifadhi kwenye kikopo chenye matundu. Ukiacha kuivaa wiki kadhaa, meno yanaweza kusogea kidogo ikakataa kuingia.

Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini apimwe hospitali kwanza. Watoto hatuwatengenezei kwa kawaida, kwa kuwa meno yao yanabadilika na wengi huacha kusaga wenyewe. Wazazi, kusaga meno si ushahidi wa minyoo. Dawa ya minyoo itolewe kwa sababu zake.

Wavuvi wa dagaa mnaolala mchana, kinga ivaliwe mchana huo. Kwa kuwa inahitaji kufika mara mbili, njooni wakati wa mwezi mweupe, mitumbwi ikiwa imepumzika.