Barua kwa binti yangu anayesema kompyuta sio ya watu wa historia

Mwanangu,

Salamu nyingi, sisi wote wazima. Ujumbe wako nimeusoma, ule wa kusema unataka kuacha hiyo kozi ya kompyuta kwa sababu wenzako wote wametokea kwenye hesabu na we umetokea kwenye historia, nlitaka nikupigie ila kwenye simu huwa unanikatisha, kwa hiyo naandika, we soma mpaka mwisho alafu ndo ubishe.

Kuna mama mmoja Mwingereza alikuwa anaitwa Karen Spärck Jones. Kazaliwa 1935 Huddersfield, mama yake Mnorwe, kaenda chuo Cambridge kusoma nini? Historia! Alipomaliza akaongeza mwaka mmoja wa falsafa, akafundisha shule kidogo. Kwenye kompyuta aliingizwa na mwanamke mwingine, Margaret Masterman, aliyekuwa na kikundi chake cha utafiti wa lugha hapohapo Cambridge, enzi kompyuta inalishwa kwa kadi zilizotobolewa matundu, wanahangaika kuifanya mashine itafsiri lugha. Na mashine itajuaje kwamba maneno mawili yana maana inayokaribiana? Sasa niambie hilo ni swali la mtu wa hesabu au la mtu aliyezoea kushinda na nyaraka za marehemu akijiuliza hapa huyu alimaanisha nini. Tasnifu yake ya udaktari, 1964, ilihusu mambo hayohayo ya maneno yanayokaribiana maana, na ikakaa mpaka 1986 ndo ikachapishwa kuwa kitabu.

Ila kubwa lake ni makala ya 1972, na hii ntakueleza taratibu maana we unaniambia hesabu zinakutisha. Chukulia una nyaraka 10,000 kwenye kompyuta na unatafuta "ugonjwa wa figo". Neno "wa" limo kwenye zote 10,000, "ugonjwa" tuseme limo kwenye 1,000, "figo" kwenye 10 tu. Mashine usipoielekeza itayaona yote matatu ni sawasawa tu, itakumwagia makaratasi yenye "wa" mpaka uchoke. Karen akasema hapana, neno lipewe uzito kwa jinsi lilivyo adimu, yaani chukua nyaraka zote, gawanya kwa zile zenye hilo neno, alafu tafuta logi ya jibu, yaani kwa mfano huu hesabu tu sifuri zilizofuata ile 1. "Wa" ni 10,000 kwa 10,000, unapata 1, logi yake sifuri, kwaheri. "Ugonjwa" inapata 1. "Figo" inapata 3. Basi, imeisha, hesabu yenyewe ndo hiyo yote! Ukiichanganya na mara ngapi neno linajirudia ndani ya waraka mmoja unapata kile wanachokiita tf-idf, we mwenyewe si ulisema mmefundishwa juzi, na ile sehemu ya uadimu wa neno ndo ya huyu mama, na mpaka leo hiyo na zilizozaliwa kutokana nayo zimo kwenye mifumo mingi ya kutafuta vitu. Na kumbuka 1972 hakuna tovuti hata moja duniani, yeye alikuwa anajaribia kwenye mikusanyo midogo tu ya muhtasari wa makala za kisayansi.

Logi wenzako wote wanaijua, sawa. Lakini kujiuliza neno lipi kwenye karatasi ndo limebeba mzigo na lipi linapita tu, hiyo we umeifanya miaka yote ya historia bila kujua kama ni kazi ya kompyuta.

Sasa kuna upande mwingine sitaki nikufiche, maana watu wakimsimulia huyu mama wanausifia eti uvumilivu. Miaka na miaka pale Cambridge alikuwa anafanya kazi kwa mikataba mifupi mifupi, ukiisha unaombwa mwingine, pesa za mradi zikipatikana upo zisipopatikana sijui. Uprofesa kaupata 1999, kazaliwa 1935 piga mwenyewe, na 2002 akastaafu. Mumewe Roger Needham naye mtu wa kompyuta, alikuwa mkuu wa maabara ya kompyuta hapohapo Cambridge kuanzia 1980 mpaka 1995. Nisieleweke vibaya, hawa walipendana, hata nyumba walijijengea kwa mikono yao wenyewe, na Karen jina lake hakubadilisha alipoolewa, ila mi hapo sioni uvumilivu wa kupigiwa makofi, naona chuo kilipata kazi ya profesa kwa bei ya kibarua. Kafariki 2007, mwaka huohuo chama cha kompyuta cha Uingereza kikampa nishani ya Lovelace, mwanamke wa kwanza kuipata, na gazeti la New York Times lilikuja kumwandikia tanzia 2019, miaka 12 mtu yuko kaburini!

Alikuwa na kauli yake kwamba kompyuta ni jambo kubwa mno kuachiwa wanaume peke yao. Baba yako nimemsomea hiyo akajifanya anatafuta miwani.

Kwa hiyo kozi huachi. Ukishindwa mtihani tutaongea mengine, lakini sio kwa sababu ya historia. Na ile nafasi ya utafiti uliyosema wanataka kukupa mkataba wa miezi sita, usisaini kwa furaha tu, waulize ukiisha inakuwaje, nani anaamua, na jina lako linakaa wapi kwenye kazi itakayotoka, na jibu wakupe kwa maandishi sio kwa mdomo ofisini.

Alafu mradi wako wa mwisho mbona mada unayo tayari, zile barua za zamani ulizozinakili ulipokuwa unasoma historia si bado unazo kwenye kompyuta? Zipigie hesabu ya Karen moja moja uone maneno gani yanapanda juu, nina uhakika kuna majina ya watu yatatokea ambayo we mwenyewe ulipitiliza. Nitumie orodha hata kama haijakaa sawa.

Mama yako