Treni Inasimama Kwenye Maungio? Tuletee na Mbao, Siyo Kichwa Peke Yake

Wateja wengi hufika karakanani kwetu na kichwa cha treni ya modeli, yaani treni ndogo ya umeme inayoiga ya kweli, kimeviringishwa kwenye kitambaa, na maelezo huwa yale yale: "Fundi, mota imekufa. Nyumbani kilikuwa kinakwenda bila shida, tulipofika kwenye maonyesho kikaanza kusimamasimama." Tunakiweka kwenye kipande chetu cha reli ya majaribio, tunawasha, nacho kinaondoka taratibu kama kitu ambacho hakijawahi kuugua. Hapo tunauliza: "Na mbao zilizobeba reli zako umekuja nazo?"

Mara nyingi hakuja nazo. Tunamwelewa, maana mpangilio wa reli ni mzigo, na ni kichwa kilichosimama mbele ya watu, siyo ubao. Lakini sehemu kubwa ya vichwa tunavyoletewa kwa malalamiko hayo havina ugonjwa wowote. Ugonjwa uko chini, kwenye nyaya na pale mbao zinapokutana.

Kwenye treni ya modeli reli ndiyo waya. Umeme unaingia kwenye gurudumu, unafika kwenye mota, unarudi kwa reli ya pili. Reli nyingi zinazouzwa leo ni za aloi ya shaba, zinki na nikeli. Haishiki kutu kama chuma, lakini haipitishi umeme vizuri kama shaba tupu. Na kila baada ya kipande, umeme unalazimika kuvuka kwenye kibati kidogo kinachoshikilia ncha mbili za reli. Kikiwa kipya kinabana sawasawa. Halafu unapaka reli rangi ili zifanane na za kweli, unamwaga gundi ya kokoto, vumbi linaingia, kibati kinalegea. Aliyeunganisha nyaya mbili tu mahali pamoja, akaviachia vibati ishirini kazi ya kufikisha umeme upande wa pili, atafurahia miezi ya mwanzo tu.

Dawa yake tunaifahamu na haina njia ya mkato. Tunapitisha nyaya mbili nene za shaba chini ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida za milimita za mraba 2.5. Kisha kila kipande cha reli, hata kile cha urefu wa kidole, tunakichomea kwa risasi (madini laini yanayoyeyushwa ili kuunganisha) waya wake mwembamba na mfupi unaoshuka hadi kwenye zile nene. Kibati kinabaki na kazi moja tu ya kunyoosha reli. Ni kazi ya kuchosha, unalala chali chini ya meza na risasi ya moto iko juu ya uso wako (vaa miwani, tafadhali). Lakini ikifanywa vizuri hairudiwi.

Kuna kipimo kimoja ambacho unaweza kukifanya mwenyewe leo ikiwa unatumia mfumo wa kidijiti, yaani ule ambao kidhibiti, kifaa cha kuendeshea, hutuma umeme na amri kwa kila kichwa kwa namba yake. Chukua sarafu, ilaze juu ya reli mbili kwa pamoja. Hiyo ni shoti, na kidhibiti kinatakiwa kukata umeme papo hapo. Inua sarafu, sogea kipande kinachofuata, rudia. Zunguka mpangilio wote, pamoja na kwenye pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika. Ukifika mahali ambapo sarafu imelala na kidhibiti hakikati, iondoe haraka na utie alama ya penseli. Nyaya za hapo ni dhaifu kiasi kwamba kidhibiti hakitambui kuwa kuna shoti, kinadhani kuna treni nzito tu. Sasa fikiria siku behewa litakapoacha reli mahali hapo. Kidhibiti cha ampea 5 kwa volti 15 kinaweza kumwaga wati 75, na chuma chetu cha kuchomea risasi ni cha wati 60. Tumewahi kupokea gari la magurudumu (fremu ndogo chini ya behewa inayobeba magurudumu) ambalo plastiki yake ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya kama nta ya mshumaa, na mwenyewe hakuwa ameona hata cheche.

Uchafu nao una lawama yake, ila si nyingi kama watu wanavyoamini. Kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti kidogo kinatosha. Msasa hatuutaki kabisa, kwa sababu mikwaruzo yake inakuwa makazi ya uchafu mpya.

Tukija kwenye maonyesho, tatizo linakuwa la seremala zaidi kuliko la fundi umeme. Mpangilio wa maonyesho unakatwa vipande ili ubebeke, na kila panapokatwa reli nazo zinakatwa. Chukua vipimo vya 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli, ambavyo ndivyo vinavyotumika zaidi duniani. Reli ikipishana na mwenzake nusu milimita tu, kwa treni ya kweli hiyo ingekuwa zaidi ya sentimita 4. Hakuna dereva ambaye angekubali kupita hapo, lakini sisi tunashangaa behewa letu likipinduka.

Mteja mmoja alituletea mpangilio wa mbao nne uliokuwa ukisumbua kwenye kiungo cha tatu pekee. Mbao zilikuwa zimefungwa kwa bolti na nati, vizuri tu kwa kuzitazama. Tulipozifungua na kuzifunga tena mara tatu, kila mara reli zilikaa mahali tofauti kidogo. Tundu la bolti huwa pana kuliko bolti yenyewe, kwa hiyo bolti inabana lakini hailengi. Tukamwekea pini za shaba njano, dume upande huu na jike upande ule, ambazo huingiana bila kucheza. Sasa pini ndizo zinazolenga, bolti zinabana tu. Kisha kwenye kingo za ubao tukang'oa mataruma (vipande vinavyolaliwa na reli) mawili ya plastiki kila upande, tukapiga skrubu za shaba njano, tukachomea reli juu ya vichwa vya skrubu hizo. Hata mkono wa mbebaji ukigonga ncha ya reli, haisogei.

Joto pia lina sehemu yake. Mita 10 za reli zikipata nyuzi joto 15 zaidi hurefuka kwa zaidi ya milimita 2, na ubao nao huvimba au kusinyaa kwa unyevu. Mpangilio uliojengwa kwenye chumba chenye baridi ukipelekwa kwenye ukumbi uliojaa watu na taa, reli zisizoachiwa mianya zitapinda. Tunaacha mianya midogo makusudi. Kwa kuwa kila kipande kina waya wake, mwanya hauzuii umeme.

Kuhusu uendeshaji wenyewe nitasema machache, ingawa nina msimamo mkali juu ya mwendo. Kilomita 60 kwa saa kwa kipimo cha 1:87 ni kama sentimita 19 kwa sekunde. Maana yake treni itumie zaidi ya sekunde 5 kumaliza mita 1. Pima yako kwa saa ya simu, wengi wanakimbia mara mbili ya hapo. Mtazamaji hukaa muda mrefu zaidi kwenye treni moja inayoingia stesheni kwa utulivu kuliko kwenye tano zinazokimbizana. Halafu kumbuka vichwa vya kidijiti kwa kawaida hutoka kiwandani na anwani, yaani namba ya kupokelea amri, namba 3. Usipobadilisha, siku ya maonyesho utaamuru kimoja na viwili vitaondoka.

Ukituletea mpangilio kwa ukaguzi, njoo nao wote, pamoja na miguu yake, kidhibiti chako na transfoma yako, kwa sababu tunataka kuuona ukifanya kazi kwa vifaa vyake. Njoo na vichwa na mabehewa yanayosumbua. Tutapima pia nafasi ya ndani kati ya magurudumu, ambayo kwa 1:87 inatakiwa kuwa karibu milimita 14.4. Behewa lenye magurudumu yaliyokaribiana litaruka kwenye kila pointi, hata njia ikiwa nzuri namna gani. Mbao tutazifunga na kuzifungua mara kadhaa, tutapitisha sarafu kila kipande, kisha tutaendesha treni saa nane mfululizo, sawa na siku nzima ya maonyesho. Kasoro nyingi hujitokeza baada ya saa ya tatu, vichwa vikishapata moto.

Tunaomba wiki mbili kabla ya maonyesho, siyo siku mbili. Ukiwa na mchoro wa nyaya tuletee, na kama hukuuchora, tutauchora sisi na kuugundisha chini ya ubao wa kwanza, ili yeyote atakayeingia chini yake na tochi ajue waya upi unaelekea wapi.