Kabla ya kikao cha video: skrini na mandhari

Habari zenu wote. Wanaowasilisha, tafadhali someni hadi mwisho.

Ukibonyeza kitufe cha kuonyesha skrini, chagua dirisha moja tu, si skrini nzima. Skrini nzima hutoa kila kitu nje, hata jumbe zinazochipuka pembeni. Ila ukichagua dirisha, faili nyingine utakayofungua baadaye hatutaiona. Itabidi ubadilishe unachoonyesha.

Mwenye klipu ya video aweke alama kwenye kisanduku cha kushiriki sauti kabla ya kuanza, la sivyo tutatazama picha bubu. Kwenye Zoom kuna pia chaguo la kuboresha kwa ajili ya video: liwashe kwa klipu, lizime ukirudi kwenye maandishi, maana herufi hufifia.

Watumiaji wa Mac, kompyuta hudai ruhusa ya kurekodi skrini kwenye mipangilio ya faragha, kisha programu ifungwe na kufunguliwa upya. Fanyeni hivyo leo, si katikati ya kikao.

Kuhusu mandhari bandia (picha inayowekwa nyuma yako badala ya chumba chako): yanakula nguvu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Sauti ikianza kukatika, zima hayo kwanza. Kutia ukungu nyuma yako kunatosha, na kwa maoni yangu kunapendeza kuliko ufuo wa bahari. Ukitaka picha, iwe ya pikseli 1920 kwa 1080. Taa ikae mbele yako. Ikiwa nyuma, programu hushindwa kutenganisha nywele na ukuta, na masikio hupotea.

Majaribio: chumba cha kikao kitafunguliwa dakika 15 mapema.