Ndege iliyojengwa kwa ajili ya kamera

Kaka, mambo vipi, hapa wote wazima. Ile ramani uliyopiga na droni nimeiona, safi sana, ndo imenikumbusha nikuandikie habari za ndege za kwanza za upimaji, zile za kupiga picha za kuchorea ramani, maana kila tukianza hizo stori tunakatishwa.

Mwanzoni, baada ya vita ya kwanza, walikuwa wanatumia tu ndege za jeshi zilizobaki. Hazina paa aisee, mpiga picha upepo unamchapa, baridi ya huko juu mpaka vidole vinakufa ganzi halafu na filamu abadilishe hivyo hivyo. Sherman Fairchild kule Marekani alikuwa mtu wa kamera, 1921 kampuni yake ilipiga Manhattan yote kutoka angani wakaunga picha kama 100 ikawa ramani moja. Akatafuta kampuni ya kumjengea ndege ya kazi hiyo, bei zikamshinda, akaamua kujenga mwenyewe, ndo ikatoka FC-1 mwaka 1926, ina kabini iliyofungwa, inapashwa joto, madirisha makubwa, na bawa limekaa juu ili lisizibe ardhi.

Ila mimi moyo wangu uko kwa Ted Abrams wa Lansing, Michigan. Ndege yake, Explorer ya 1937, injini na propela viko nyuma, pua yote ni kioo, rubani anakaa mbele kabisa. Wewe unajua picha lazima zilaliane kama asilimia 60, yaani kila moja ifunike sehemu ya inayofuata, sasa enzi hizo hakuna GPS, rubani anashika mstari kwa macho tu, upepo ukimsukuma pembeni kidogo linabaki pengo na inabidi warudi tena. Kwa hiyo kuona chini kwake ndo kazi yenyewe, na injini ikiwa nyuma moshi na mafuta havirukii lenzi. Yaani kila kitu kina sababu! Inaniuma kwamba ilijengwa moja tu, sasa hivi ni mali ya makumbusho ya Smithsonian.

Huku kwetu baada ya vita ya pili walikuja RAF, jeshi la anga la Uingereza, kikosi namba 82, na Lancaster, ndege la mabomu lililofungwa kamera, wakawa wanaruka kutoka Eastleigh, Nairobi. Ukipita kwenye makabati ya ramani za zamani hapo ofisini niangalizie shiti yoyote ya miaka ya hamsini, soma pale pembeni picha zilipigwa na nani, nipigie foto unitumie.

Nisalimie shemeji na watoto.